Je, Wajua? Siri za Kambi ya Makuruta, Kuanzia Kitandani Hadi Mawinguni

Tangazo la kuandikisha makuruta likitoka, vijana wa Birongo hupanda matatu hadi Kisii mjini na vyeti vyao kwenye bahasha ya kaki, na si wachache wanaoliwazia Jeshi la Wanahewa. Macho yako kwenye ndege. Kinachowangoja kwanza, hata hivyo, ni bweni: vitanda vya ghorofa, filimbi ya alfajiri, maji baridi na afande asiyecheka. Nimewakusanyia mambo ya bweni hilo, pamoja na ya watu waliojitolea kurusha ndege hapa kwetu tangu zamani. Shika bakuli lako la uji tuanze.

Gusii ilikuwa na kambi za vijana kabla ya serikali kujenga zake

Zamani, vijana wengi wa Kigusii ambao hawajaoa waliishi pamoja katika egesarate, kambi ya ng'ombe iliyokaa mbali na maboma ya wazee. Humo walilala, walikula, walichunga na kujifunza vita, kwa sababu Wakipsigis na Wamaasai hawakutuma barua kabla ya kuja kuchukua mifugo. Kila kitu cha kambi ya leo kilikuwepo: umri mmoja, chungu kimoja, zamu za usiku na wakubwa wanaokunyoosha.

Waingereza walizivunja kambi hizo mnamo 1912 na 1913. Hawakupenda kuona vijana wengi wenye mikuki wamekaa pamoja bila mzungu wa kuwahesabu. Kisha Septemba 1914 Wajerumani wakaingia Kisii mjini, na serikali iliyokuwa imewatawanya vijana ikaanza kuwatafuta kijiji kwa kijiji, safari hii iwapeleke vitani kubeba mizigo ya jeshi.

Usiku wa kwanza kambini, ubongo wako hulala nusu

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walipima ubongo wa watu waliolala mahali pageni kwa mara ya kwanza. Waligundua kwamba upande wa kushoto hulala kijuujuu kuliko wa kulia, ukisikiliza vishindo kama mlinzi wa usiku. Kwa pomboo wa baharini hiyo ndiyo tabia ya kila siku: nusu inalala, nusu inaogelea.

Kwa hiyo kuruta anayeamka siku ya kwanza na macho mekundu asijione mwoga. Ubongo wake umeshika zamu kabla afande hajampangia.

Nafasi kati ya vitanda imewahi kuamua nani afe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hakuna kitu makuruta hudharau kama amri ya kupanga vitanda kwa kipimo.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, mabweni ya jeshi la Uingereza yalijaa kupita kiasi, na homa ya uti wa mgongo ikaanza kuua vijana ambao hawajaona adui. Daktari mmoja wa jeshi, J. A. Glover, alikwenda kwenye kambi ya Caterham kusini mwa London akiwa na vijiti vya pamba na futi ya kupimia. Kwa vijiti alichukua ute wa kooni kwa makuruta, na kwa futi akapima umbali kati ya kitanda na kitanda. Palipokuwa na umbali usiofika sentimita 30, zaidi ya kijana mmoja kati ya watano alikuwa amebeba bakteria wa ugonjwa huo kooni, wengi wao bila kuumwa hata kichwa. Hapo ndipo mlipuko ulipokuwa ukinyemelea. Vitanda vilipotenganishwa kwa takriban sentimita 75 na madirisha yakafunguliwa, idadi ya waliobeba bakteria ilishuka sana.

Dawa ya kuua bakteria hao haikuwepo bado, wala chanjo. Kilichookoa watu ni hatua moja ya mguu kati ya kitanda na kitanda. Ndiyo maana katika mabweni mengi ya kijeshi utaona pia amri nyingine ya ajabu: mmoja alaze kichwa upande wa ukutani, jirani yake alaze kichwa upande wa njia. Pumzi zao hazikutani, na wewe badala yake unakutana na miguu ya mwenzako. Ni biashara yenye faida, ingawa pua inaweza kubisha.

Sabuni ilipunguza mafua karibu nusu

Katika kambi ya makuruta wa jeshi la majini la Marekani huko Great Lakes, jimbo la Illinois, mwishoni mwa miaka ya 1990, iliamriwa kila mtu anawe mikono angalau mara tano kwa siku. Ziara za kliniki kwa sababu ya kikohozi na mafua zilipungua kwa asilimia 45. Bei ya mradi mzima ilikuwa sabuni na afande wa kusimama karibu na bomba.

Wembe na pasi vina historia ya Tuzo ya Nobel

Siku ya kwanza nywele huondoka, na wengi hudhani ni kuvunjwa moyo tu. Sababu kubwa ya zamani ilikuwa chawa, na nyuma ya chawa kuna kisa kizuri.

Mwaka 1909 daktari Mfaransa, Charles Nicolle, alikuwa akifanya kazi Tunis, kaskazini mwa Afrika, wakati wa homa ya tifasi. Tifasi si ile homa ya matumbo tunayoijua huku kwetu. Ni ugonjwa mwingine kabisa, na majeshi ya Ulaya yamezika askari kwa maelfu kwa sababu yake. Nicolle aliona jambo lililompita kila mtu. Wagonjwa waliambukiza watu nyumbani, njiani, hata mlangoni mwa hospitali. Lakini wakishavuliwa nguo, wakaogeshwa na kupewa nguo za hospitali, hawakumwambukiza mtu tena. Basi ugonjwa ulikuwa umebaki mlangoni, kwenye nguo! Akathibitisha kuwa chawa wa mwilini ndiye mbebaji, na mwaka 1928 akapewa Tuzo ya Nobel.

Chawa huyo hutaga mayai kwenye mishono ya nguo, pale pale kuruta mvivu anapopitisha pasi haraka. Na hata kama hamna chawa kambini, Afrika Mashariki tuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa nje zikiwa na unyevu. Yakigusa ngozi, funza mdogo huingia na kuvimba kama jipu. Joto la pasi huyaua. Pindo la suruali, kola, ukanda wa kiunoni: pasi pande zote mbili, na afande akikuuliza kwa nini, mtajie Tunis.

Kopo la Kiwi lilizaliwa Australia kwa ajili ya mke

Ile rangi ya viatu inayomtoa kuruta jasho usiku kucha ilianza kuuzwa Melbourne mwaka 1906. Mtengenezaji, William Ramsay, alichagua ndege wa New Zealand kwa sababu ndiko mkewe Annie alikotoka. Vita vya Kwanza vya Dunia viliisambaza kwa buti za majeshi ulimwenguni kote. Kuna kichekesho kidogo hapo: kiwi ni ndege asiyeruka, na leo anang'arisha viatu vya wanahewa.

Mguu unaweza kuvunjika bila kuanguka popote

Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika juu ya askari waliovimba na kuumwa wayo baada ya matembezi marefu. Hakujua ni nini. Ilibidi eksirei ivumbuliwe mwaka 1895 ndipo watu waone kwamba mifupa myembamba ya wayo ilikuwa imepasuka kwa kukanyaga tu, hatua baada ya hatua, bila jiwe wala shimo.

Gwaride la kawaida huenda kama hatua 120 kwa dakika. Kwa saa moja hizo ni hatua 7,200, na kila mguu unakanyaga mara 3,600, tena kwa kisigino na kwa nguvu. Kijana aliyezoea kupanda na kushuka vilima vya Gusii ana misuli mizuri, lakini udongo wa shambani ni laini na uwanja wa gwaride ni mgumu, na buti si malapa. Maumivu ya wayo yasiyoisha baada ya kupumzika yaripotiwe. Anayejikaza kiume hurudi nyumbani kwa magongo.

Wewe, mama na rubani mna saa tatu tofauti kwa wakati mmoja

Mama akipiga simu kutoka Birongo saa tatu asubuhi, ubao wa kambi unaandika 0900. Chumba cha marubani kinaandika 0600, kwa sababu usafiri wa anga duniani kote hutumia saa moja ya pamoja, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya hiyo. Tatu, tisa, sita, na wote mnazungumza juu ya jua lile lile.

Kinachonifurahisha ni kwamba Mkenya huingia darasani akiwa na nusu ya somo kichwani. Tangu utotoni anahama kati ya saa ya Kiswahili na saa ya Kiingereza bila kufikiri. Kuongeza ya tatu si kazi. Wenzake wa Ulaya, ambao saa zao husogezwa mbele na nyuma kila mwaka, wana hesabu ngumu zaidi yake.

Ukilala Eldoret, unalala ndani ya ndege

Makuruta wa nchi kavu, majini na angani wote hupitia chuo kimoja cha awali, Moi Barracks, Eldoret. Uwanja wa ndege wa Eldoret uko mita 2,116 juu ya usawa wa bahari. Sasa linganisha: ndege kubwa ya abiria ikiwa juu kabisa, hewa ya ndani huruhusiwa kuwa nyepesi kama ya mlima wa takriban mita 2,400, si zaidi. Katika Boeing 787 Dreamliner, zile ambazo Kenya Airways ilianza kuzipokea mwaka 2014, hewa ya ndani huwa kama ya mita 1,800 hivi.

Maana yake kuruta aliyelala bwenini Eldoret anavuta hewa nyepesi kuliko abiria wa Dreamliner aliye juu ya Sahara! Mgandamizo wa hewa huko uko chini ya ule wa Mombasa kwa karibu robo. Kijana wa Pwani ataona cha mtema kuni wiki ya kwanza ya mbio. Wa kwetu ana nafuu, maana Kisii mjini penyewe pako karibu mita 1,700 na nchi inazidi kupanda kuelekea Keroka.

Ndege zenyewe hazina nafuu hiyo. Hewa nyepesi hushika bawa vibaya na kuipunguzia injini nguvu, hivyo ndege iliyojaa mizigo Eldoret huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka kuliko ingekuwa Mombasa.

Kuna jambo jingine la mwinuko: huku milimani malaria huja kwa misimu na milipuko, kwa hiyo watu wazima wengi hawana kinga ya mwili waliyo nayo majirani wa kando ya Ziwa Victoria. Ukihamishiwa kituo cha bondeni au Pwani, chandarua ni sehemu ya sare.

Nairobi iliwahi kuwa na kozi ya marubani wa kujitolea

Novemba 1939, vita vikiwa na miezi miwili, kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell mjini Dar es Salaam alipanda gari akaendesha hadi Nairobi kujiandikisha katika jeshi la anga la Uingereza. Alikuwa na urefu wa sentimita 198. Ndege ya mafunzo ilikuwa Tiger Moth, isiyo na paa, iliyotengenezwa kwa watu wa kimo cha kawaida. Alipoketi, kichwa chake kilichomoza juu ya kioo cha upepo, na upepo ukamziba pumzi. Alijifunga kitambaa chembamba cha pamba puani na mdomoni, akaendelea. Baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo akarusha peke yake.

Jina lake Roald Dahl. Ndiyo, yule yule aliyekuja kuandika hadithi ya kiwanda cha chokoleti ambayo wanao wameisoma shuleni. Septemba 1940 alianguka na ndege jangwani Misri, akavunjika fuvu la kichwa, akapona. Wengi wa wenzake wa kozi ya Nairobi hawakuuona mwisho wa vita.

Miaka hiyo hiyo ndege za raia nazo ziliitwa jeshini. Mwaka 1929 mjane mmoja wa Nairobi, Florence Kerr Wilson, alikuwa ameanzisha kampuni ya Wilson Airways kwa ndege ndogo aina ya Gipsy Moth. Vita vilipoanza, serikali ilichukua ndege na marubani wake, wakawa kikosi cha msaada cha anga cha Kenya, na kampuni ikafa. Mama huyo alibakiwa na jina tu, nalo mwaka 1962 likabandikwa kwenye uwanja ule tunaouita Wilson mpaka leo.

Baadaye, katika Hali ya Hatari ya miaka ya 1950, polisi wa akiba walikuwa na kikosi cha ndege ndogo kilichorushwa na raia wa kujitolea. Ziliangushia askari chakula, na ziliangusha mabomu juu ya misitu ya Aberdare na Mlima Kenya, kwa hiyo tusilipambe sana neno kujitolea. Inategemea uko upande gani wa bomu. Mwafrika hakuwekwa kwenye usukani katika kozi hizo zote. Jeshi la Wanahewa la Kenya huru lilizinduliwa tarehe 1 Juni 1964.

Alianza kurusha ndege katika umri ambao wengine wanahesabu wajukuu

Daktari Anne Spoerry, Mfaransa aliyezaliwa 1918, alikuwa amekwisha kuvuka miaka 40 alipojifunza urubani. Akajiunga na madaktari warukao wa AMREF, shirika lililoanzishwa mwaka 1957, akaenda peke yake na ndege yake hadi Turkana, Marsabit na Lamu kuchanja watoto na kung'oa meno. Watu walimwita Mama Daktari. Aliendelea karibu hadi kifo chake mwaka 1999, akiwa na miaka 80. Kwa hiyo wewe unayelalamika kwamba umri wa kuandikishwa umekupita, anga haijakufungia mlango wote.

Kuna mahali mtoto wa miaka 12 hulala kambini kwa hiari

Wakisii wamejaa Minnesota, Marekani, na baadhi ya watoto wao watakuwa wameliona jambo hili shuleni. Nchini humo kuna Civil Air Patrol, kikosi cha raia wa kujitolea kilichoundwa tarehe 1 Desemba 1941, siku 6 tu kabla ya Wajapani kushambulia Pearl Harbor. Katika vita wanachama walitumia ndege zao wenyewe kusaka nyambizi za Wajerumani pwani. Siku hizi kazi yao kubwa ni kutafuta ndege zilizopotea na kusaidia wakati wa mafuriko na vimbunga.

Huwapokea vijana kuanzia miaka 12. Hawa huenda kambi ya takriban wiki moja, mara nyingi katika mabweni halisi ya jeshi, wakitandika vitanda kwa kipimo na kuamshwa gizani. Hawalipwi. Wazazi wao ndio hulipa! Mweleze hilo mzee wa Birongo ambaye mwanawe amekimbia kulima chai na uone atakavyokutazama.

Mama aliyeteuliwa kuongoza wanahewa

Mei 2024 Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa kuwa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa la Kenya, mwanamke wa kwanza kuongoza tawi lolote la jeshi la nchi hii. Alikuwa amekwisha kuwa brigedia wa kwanza mwanamke mwaka 2015 na meja jenerali wa kwanza mwanamke mwaka 2018. Alipoingia jeshini miaka ya 1980, wanawake walikuwa na kikosi chao cha pembeni. Msichana wa Birongo anayekwenda Eldoret sasa hukimbia uwanja ule ule na wavulana, na afande humkemea kwa sauti ile ile.

Maharagwe ya kambi hukua ukiwa angani

Githeri ni chakula chenye akili. Protini ya mahindi ina upungufu mahali ambapo ya maharagwe imezidi, na ya maharagwe imepungua mahali ambapo ya mahindi ina ya kutosha, hivyo sahani moja ya bei ya chini inakaribia kazi ya nyama. Jikoni la kambi hulijua hilo, ndiyo maana utayaona maharagwe mpaka uyaote.

Lakini hewa iliyofungiwa tumboni hufuata sheria ile ile ya fizikia kama hewa ya puto: mgandamizo wa nje ukipungua, inatanuka. Kwenye mwinuko wa mita 5,500, chini kidogo ya kilele cha Kilimanjaro, gesi huchukua nafasi mara mbili ya ile iliyochukua Mombasa. Hata katika ndege ya abiria yenye hewa ya kutunzwa, inaweza kuongezeka kwa karibu theluthi moja. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za mabomu zilipokuwa zikipanda juu bila hewa ya kutunzwa ndani, tumbo lilikuwa jambo la kazi. Rubani aliyejikunja kwa maumivu hawezi kushika usukani sawasawa. Wahudumu wa ndege hizo waliambiwa waache vyakula vya gesi kabla ya kuruka.

Maharagwe yaliongoza orodha. Kabichi ilifuata, na ndugu zake wote wa ukoo huo, sukuma wiki akiwemo. Kwa kuruta wa Kenya anayeruka kesho alfajiri, hapo sahanini amebakiwa na ugali.